Bonde la 6200: ni silikoni au ni hidrojeni?

Swali: Nimekuwa nikifuatilia supernova, yaani nyota zinazolipuka, kwa miaka miwili sasa. Juzi nilipakua spektra (grafu ya mwanga uliotenganishwa kwa urefu wa wimbi) ya supernova moja iliyolipuka kwenye galaksi yenye mhamo mwekundu wa 0.01. Nilishasoma kwamba bonde, yaani mahali mwanga unapopungua, lililo karibu na angstromu 6150 (angstromu ni kipimo cha urefu wa wimbi) ni la silikoni, na kwamba silikoni ndiyo alama ya aina ya Ia. Kwenye grafu yangu kuna bonde kubwa kwenye 6262, jingine kwenye 5757, na dogo kwenye 4638. Nikaamua ni Ia. Wiki hiyohiyo wataalamu wakatangaza kuwa ni IIb. Wamewezaje kuona hidrojeni mahali ambapo mimi naona silikoni? Na hizi herufi zina maana yoyote, au ni majina tu?

Jibu: Ndugu yangu, bonde uliloliona lipo kweli, na wala hukubahatisha. Ulifuata kanuni ya kwanza ambayo kila anayeingia kwenye kazi hii hufundishwa. Ila ni sawa na kumkamata mtu kwa sababu tu amekutwa karibu na nyumba iliyovunjwa, kabla hujamuuliza ametoka wapi na amefuatana na nani. Tuipitie grafu yako bonde kwa bonde, kisha tuje kwenye herufi, kwa sababu swali lako la pili ni zito kuliko unavyodhani.

Anza kwa kuirudisha spektra nyumbani kwake. Galaksi ile inatukimbia, na mwanga wake wote umevutwa kuelekea upande mwekundu kwa asilimia moja. Kwa hiyo kila urefu wa wimbi uliousoma ugawe kwa 1.01. Bonde la 6262 linakuwa 6200, la 5757 linakuwa 5700, na la 4638 linakuwa 4592. Hatua hii ni ya dakika moja, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Kwa galaksi iliyo karibu kosa lake ni dogo, lakini galaksi ikiwa na mhamo wa 0.05 au 0.1 utajikuta unaita kila kitu kwa jina la jirani yake. Kama huna hakika na mhamo, chungulia karibu na 6629 kwenye grafu ambayo bado hujaigawa. Mara nyingi pale husimama mwiba mwembamba, umechongoka kama sindano. Huo hautoki kwenye supernova; ni hidrojeni tulivu ya galaksi yenyewe, ambayo nyumbani kwake ni 6563, na unakupa mhamo bila kumuuliza mtu.

Sasa tuje kwenye bonde lenyewe. Supernova katika wiki zake za kwanza ni mpira wa gesi unaotanuka kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde. Ndani yake gesi bado imesongamana kiasi kwamba mwanga haupenyi, kwa hiyo tunaona uso unaong'aa, na nje ya uso huo kuna gesi nyepesi zaidi inayoendelea kutanuka. Ile sehemu ya gesi nyepesi iliyo kati yetu na uso huo inatujia mbio. Inafyonza mwanga unaotoka nyuma yake, na kwa kuwa inatujia, ufyonzaji wake unaonekana umesogea upande wa bluu. Gesi iliyo pembeni, ambayo haitujii wala haitukimbii sana, inatoa mwanga karibu na mahali pa asili pa mstari, yaani urefu wa wimbi ambao elementi hiyo hufyonza au kutoa mwanga ikiwa imetulia. Ndiyo maana kila elementi huacha umbo la aina moja: kilele karibu na nyumbani kwake, na bonde ubavuni, upande wa bluu. Umbo hilo huitwa P Cygni, kutokana na nyota ambayo spektra yake inalionyesha vizuri.

Maana yake ni kwamba namba 6200 haikuambii elementi. Inakuambia mahali pa mstari baada ya kusogezwa na kasi ya gesi, na kasi hiyo wewe hujaijua bado. Kwa hiyo mstari wowote ambao nyumbani kwake ni upande mwekundu wa 6200, kwa umbali unaoingia akilini, ni mtuhumiwa halali. Wako wawili wenye uzito. Silikoni nyumbani kwake ni 6355. Kama bonde ni lake, limesogea angstromu 155, sawa na asilimia 2.44 ya 6355, na hiyo ni kasi ya kilomita 7,300 hivi kwa sekunde. Hidrojeni-alfa nyumbani kwake ni 6563. Kama bonde ni lake, limesogea angstromu 363, asilimia 5.53, yaani kilomita 16,600 kwa sekunde kwa hesabu rahisi. (Ukitumia kanuni kamili ya uhusianifu utapata kama 17,000, kwa kazi yetu ya leo tofauti hiyo haibadilishi kitu.)

Kasi hizi mbili zenyewe tayari zina la kusema. Ia ya kawaida, inapofika kwenye mng'aro wake wa juu kabisa, silikoni yake huwa inakwenda kilomita 10,000 hadi 12,000 kwa sekunde, na bonde lake ndiyo maana linakaa karibu na 6150 uliyoisoma. Kwa 7,300, silikoni yako inajikongoja. Hilo peke yake haliiondoi Ia, kwa sababu zipo zinazokwenda polepole, kama kundi linaloitwa Iax ambalo kielezo chake ni SN 2002cx, supernova ya mwaka 2002. Lakini ni dalili ya kukufanya usimame na uangalie tena.

Kisha waite mashahidi. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ningependa uizoee kuliko kukariri namba yoyote. Elementi haijitokezi kwa mstari mmoja tu. Ikiwa imeacha bonde kubwa mahali pamoja, lazima iwe imeacha mengine kwingine, tena kwa kasi ileile au iliyo karibu nayo. Silikoni kwenye Ia husafiri na salfa, na salfa inaacha mabonde mawili yaliyo jirani, yenye umbo la herufi W, kutoka kwenye 5454 na 5640. Kwa kasi ya 7,300 mabonde hayo yangekuwa karibu na 5321 na 5502. Rudi kwenye grafu: kuna W pale? Kwa maelezo uliyonipa, hakuna. Ulitaja mabonde matatu na hakuna hata moja kati yao lililo hapo.

Hidrojeni nayo ina ndugu yake, hidrojeni-beta, kwenye 4861. Kama bonde la 6200 ni hidrojeni-alfa iliyosogea asilimia 5.53, basi hidrojeni-beta nayo isogee asilimia 5.53. Piga hesabu: 4861 ukitoa 269 unapata 4592. Lile bonde lako dogo la 4638, lililogeuka kuwa 4592 baada ya kugawa kwa 1.01, limekaa palepale. Pengine hukulipa uzito kwa sababu ni dogo, lakini kwangu ndilo lililomaliza kesi ya hidrojeni.

Limebaki la 5700. Heliamu ina mstari wake maarufu kwenye 5876, na kutoka hapo hadi 5700 ni asilimia 3, yaani kilomita 9,000 hivi kwa sekunde. Tahadhari tu: sodiamu nayo ina mistari miwili kwenye 5890 na 5896, jirani kabisa, na supernova nyingi zisizo na heliamu ya kuonekana huacha bonde la sodiamu hapohapo. Kwa hiyo sikubali heliamu kwa bonde moja, nataka angalau mawili. Heliamu ina mistari mingine kwenye 6678 na 7065. Kwa kasi ileile ya 9,000 itaanguka kwenye 6478 na 6853, na kwenye grafu yako ambayo haijagawiwa utaitafuta kwenye 6543 na 6922.

Hiyo ya kwanza iangalie kwa makini, maana ina uzuri wake. Inaangukia karibu na kilele cha hidrojeni-alfa, na badala ya kuonekana kama bonde linalojitegemea, hukipasua kilele hicho kwa juu kiwe na vichwa viwili. Ukikuta kilele cha hidrojeni kimepasuka hivyo, karibu umekwisha kuishika IIb. Ya pili ina mtego: angahewa ya Dunia yenyewe, kwa oksijeni yake, hufyonza mwanga karibu na 6870 na tena karibu na 7600. Mabonde hayo ya angahewa hayaujui mhamo wa galaksi, yanakaa palepale kwenye kila spektra iliyopigwa kutoka ardhini. Kama aliyesafisha data hakuyaondoa vizuri, unaweza kuisifu heliamu kwa kazi iliyofanywa na hewa tunayovuta. Nilipoanza kazi hii niliwahi kulijadili bonde la 6870 kwa nusu saa nzima nikiwa na uhakika kabisa, hadi mwenzangu akaniwekea spektra ya nyota ya kawaida iliyopigwa usiku uleule, na bonde likawa palepale. Tangu siku hiyo huwa naiweka alama ya angahewa kwenye grafu kabla ya alama nyingine yoyote.

Sasa weka matokeo pamoja: hidrojeni inakwenda 16,600, heliamu 9,000. Zimetofautiana, na tofauti hiyo ndiyo uthibitisho wenyewe. Katika mlipuko kila kipande cha gesi kinaendelea na kasi kiliyopewa mwanzo, kwa hiyo kilichokwenda haraka zaidi ndicho kilichofika mbali zaidi. Kasi kubwa maana yake ni nje, kasi ndogo maana yake ni ndani. Spektra yako inasema hidrojeni iko nje na heliamu iko chini yake, na ndivyo nyota kubwa inavyopangwa kabla ya kufa: hidrojeni juu, heliamu chini yake, kisha kaboni na oksijeni, na kuendelea hadi kiini cha chuma. Hukusoma majina ya elementi tu. Umesoma mpangilio wa nyota ambayo haipo tena.

Hapo ndipo tunapoingia kwenye swali lako la pili. Herufi hizi zilianza kama majina tu. Mwaka 1941 Rudolph Minkowski, mwanaastronomia aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha Mount Wilson, California, alizigawa supernova mafungu mawili kwa kigezo kimoja: zisizo na hidrojeni akaziita aina ya I, zenye hidrojeni akaziita aina ya II. Hakuwa akidai kujua kwa nini zinalipuka, alipanga alichokiona. Miaka zaidi ya arobaini baadaye, katikati ya miaka ya 1980, ikawa wazi kwamba ndani ya aina ya I kuna zisizo na bonde la silikoni. Zile za silikoni zikaitwa Ia, zenye heliamu Ib, na zisizo na heliamu ya kuonekana Ic. Kwa hiyo ukoo huu uliandikwa kwa kutazama sura, na fizikia ikaja kuufikia baadaye ikakuta majina yameshazoeleka.

Matokeo yake ni kwamba majina yanadanganya kuhusu undugu. Ib na Ic zinabeba namba ya Ia, lakini kwa damu ni ndugu wa II. Ia ni nyota kibete nyeupe, mabaki mazito ya kaboni na oksijeni ya nyota kama Jua, inayolipuka kwa moto wa nyuklia na kusambaratika, na sehemu kubwa yake kugeuka nikeli-56, nikeli yenye mionzi. Hizo nyingine zote, II, IIb, Ib na Ic, ni nyota kubwa, zenye uzito wa kuanzia mara nane hivi ya Jua, ambazo kiini chake kimeporomoka. Kinachozitofautisha ni nguo zilizokuwa zimebaki mwilini siku ya kufa. Aina ya II ya kawaida imekufa na joho lake lote la hidrojeni. IIb imebakiwa na kitambaa chembamba. Ib imevuliwa hidrojeni yote, heliamu iko nje. Ic imevuliwa hata heliamu, au iliyobaki haionekani.

Nani kaivua? Wakati mwingine ni upepo wa nyota yenyewe, lakini mara nyingi ni nyota mwenza iliyokuwa ikiizunguka na kuinyonya. Mfano unaopendwa ni SN 1993J, iliyoonekana Machi 1993 kwenye galaksi ya M81. Siku za mwanzo ilionyesha hidrojeni, kila mtu akasema II. Wiki zikapita, hidrojeni ikafifia, heliamu ikajitokeza, na ikawa inafanana na Ib. Mwaka 2004 wanaastronomia walichapisha ushahidi kwamba mahali palepale pamebaki mwanga wa nyota ya bluu, yule mwenza. Kwa hiyo waliposema supernova yako ni IIb, hawakuipa jina tu. Wamesema kwamba ilikuwa nyota kubwa, ilikuwa imenyang'anywa karibu hidrojeni yake yote, na hakuimaliza aliyeinyang'anya.

Jambo moja huwa linawashangaza watu: aina ya supernova inategemea tarehe uliyoitazama. Siku ya kwanza au ya pili spektra inaweza kuwa ya bluu, laini, haina chochote cha kushika. Ukiwahi zaidi, saa chache tu baada ya mlipuko, unaweza kukuta mistari myembamba ya gesi ambayo nyota iliitema katika miaka yake ya mwisho, na ambayo mwanga wa mlipuko umeiangaza kabla mabaki hayajaifikia na kuifagia. SN 2013fs ilinaswa hivyo. SN 2023ixf pia, iliyogunduliwa na Koichi Itagaki tarehe 19 Mei 2023 kwenye galaksi ya M101. Mistari yake myembamba ilitoweka ndani ya siku chache, na baada ya hapo ikaendelea kama II. Aliyeipima siku ya kwanza kwa wembamba wa mistari peke yake angeiita IIn, jina la zile ambazo mistari myembamba inadumu kwa sababu zimezungukwa na gesi nyingi. Na ipo SN 2014C, iliyoanza kama Ib safi, kisha ndani ya mwaka ikaonyesha hidrojeni kwa nguvu: mabaki yalikuwa yameufikia ukuta wa hidrojeni ambayo nyota iliitupa zamani. Joho lilikuwa limevuliwa, lakini lilikuwa halijafika mbali.

Upande wa pili wa muda, miezi kadhaa baadaye, mpira umekuwa mwepesi na unaona hadi katikati. Hapo ubishi huwa mdogo. Mabaki ya nyota kubwa yanawaka kwa oksijeni kwenye 6300 na 6364 na kalsiamu kwenye 7291 na 7324. Ya Ia yanawaka kwa chuma na kobalti. Ningekuwa na uwezo ningeisubiri kila supernova hadi umri huo. Shida ni kwamba wakati huo imefifia sana, na inahitaji darubini kubwa ambazo muda wake hugombewa.

Basi kwa nini jicho lako lilikimbilia Ia? Siyo kwa uzembe. Ukihesabu supernova zote zinazolipuka ndani ya eneo fulani la anga, uchunguzi wa kituo cha Lick, California, uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta Ia ni asilimia 24 tu, II ni 57, na Ib pamoja na Ic ni 19. Lakini Ia zinang'aa sana, zinaonekana kutoka mbali zaidi. Ukihesabu kwa mng'aro, yaani zile ambazo darubini itazinasa kwa urahisi, Ia zinapanda hadi asilimia 79. Kwa hiyo spektra nyingi unazokutana nazo ni za Ia kweli, na mazoea hayo yanakuelekeza kuisoma Ia hata isipokuwepo.

Programu za kompyuta nazo zina ugonjwa huohuo. Iliyozoeleka zaidi ni SNID, iliyochapishwa mwaka 2007 na Stéphane Blondin na John Tonry. Inachukua spektra yako, inaondoa mteremko wa rangi ili vibaki vilima na mabonde tu, inaipanga kwa logariti ya urefu wa wimbi, kisha inaitelezesha juu ya mamia ya spektra za supernova zinazojulikana hadi zifanane. Logariti ina sababu yake nzuri: kwenye mizani hiyo mhamo mwekundu unakuwa kuteleza tu kushoto au kulia, haunyooshi umbo, hivyo programu inakupa aina na mhamo kwa pamoja. Lakini kama maktaba yake imejaa Ia, spektra hafifu yenye kelele itapata Ia inayofanana nayo kwa sababu tu Ia ni nyingi za kuchagua. Ndiyo maana mimi hulazimisha mhamo wa galaksi kama naujua, na siangalii jibu la kwanza peke yake. Naangalia kumi za mwanzo. Zikiwa zote ni IIb za umri unaokaribiana, nalala salama. Zikiwa mchanganyiko wa Ia, Ic na IIb, programu haijajua, hata kama imeandika namba kubwa ya kujiamini.

Utashangaa pia kwamba kazi hii haihitaji spektra iliyochambuliwa kwa undani sana. Gesi inayotanuka kwa kilomita 10,000 kwa sekunde hueneza mstari wake kwenye upana wa angstromu 200 hivi, na chombo kinachotenganisha angstromu 60 kinauona bila taabu. SED Machine, chombo kilichofungwa kwenye darubini ya mita 1.5 huko Palomar, California, inatenganisha kiasi hicho tu, na imeainisha maelfu. Inaposhindwa ni kwenye IIn: mstari wenye upana wa kilomita mia kadhaa kwa sekunde hupotea ndani ya ukungu wa chombo, na hutaweza kujua kama ni wa supernova au ni ule mwiba wa galaksi niliokutajia mwanzo.

Kwa wanaopima umbali wa ulimwengu, kosa kama lako lina gharama. Ia hutumika kama taa ya mng'aro unaojulikana. Ndizo zilizoonyesha mwaka 1998 kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka, kazi iliyowapa Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Ic chache zilizojipenyeza kwenye orodha ya Ia, zikiwa hafifu kuliko Ia, huonekana kama ziko mbali kuliko zilipo, na hesabu yote inayumba.

Na kwa kuwa supernova yako ni IIb, nikuachie moja nisiyochoka kuisimulia. Cassiopeia A ni masalia ya nyota iliyolipuka umbali wa miaka ya nuru kama 11,000, ndani ya galaksi yetu hii. Mwanga wa mlipuko wake ulipita Duniani karne ya 17, na hakuna kumbukumbu ya uhakika ya aliyeuona. Lakini sehemu ya mwanga huo ilielekea kwingine, ikagonga mawingu ya vumbi, ikaakisiwa, na ikatufikia kwa kuchelewa miaka mia tatu. Mwaka 2008 Oliver Krause na wenzake walichapisha spektra ya mwangwi huo wa mwanga, iliyopigwa kwa darubini ya Subaru. Wakakuta hidrojeni na heliamu, na sura inayofanana na SN 1993J: IIb. Mwaka huohuo wakafanya hivyo kwa supernova aliyoiona mwanaastronomia Tycho Brahe mwaka 1572, wakakuta bonde la silikoni mahali pake. Hiyo ilikuwa Ia.

Sasa rudi kwenye grafu yako na uifanyie jaribio moja ambalo halihitaji kumwamini mtu, mimi nikiwemo. Jina lilipobadilika kutoka AT (jina la muda kabla ya uthibitisho) kwenda SN (supernova iliyothibitishwa), spektra iliyotumika iliwekwa kwenye Transient Name Server, daftari rasmi la mtandaoni la vitu kama hivi, na mara nyingi nyingine za baadaye huongezwa. Tafuta iliyopigwa wiki tatu au nne baada ya hiyo uliyonayo, igawe kwa 1.01, na uilaze juu ya ya kwanza. Kama ni IIb, bonde la hidrojeni litakuwa limepungua na kusogea kidogo upande mwekundu, kwa sababu uso unaong'aa umezama kwenye gesi iendayo polepole. Bonde la 5700 litakuwa limechimbika zaidi, na mengine mawili ya heliamu, karibu na 6478 na 6853, yatakuwa yamejitokeza wazi, nayo yakiwa yamesogea kidogo upande huohuo. Yakikosekana yote mawili, niandikie tena na uniambatishie faili lenyewe, nitalifungua.